Kiwanja cha Prem

Ndege ilipita juu ya pwani wakati wa kiangazi, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi shuka refu. Kila ilipopita ilimwaga miale ya leza chini, na kila mwale uliogonga kitu ulirudi na habari ya kimo chake: paa la bati, jani la mnazi, mgongo wa ng'ombe, tope la mfereji. Watu wa kijiji cha Kortrust waliinua macho, wakapunga mikono, wakaendelea na shughuli zao.

Nukta zote hizo, mamilioni kwa mamilioni, zilikwenda kuishia kwenye kompyuta ya Sumintra Gobin, mjini Georgetown.

Sumintra alikuwa binti wa Kortrust. Alisoma chuo kikuu, akapata kazi katika ofisi iliyokuwa ikitengeneza ramani ya mafuriko ya pwani nzima ya Guyana, na tangu hapo alikuwa amepanga chumba mjini, kwa mwenye nyumba asiyependa harufu ya bizari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye mikutano alikaa kiti cha karibu na mlango, na akiulizwa jambo sauti yake ilitoka nusu. Lakini mbele ya nukta zake hakuwa na haya. Alikaa nazo kutwa, akizizungusha huku na huku, na mara nyingine alijikuta akiziongelesha kama mtu anavyoongelesha kuku wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ilichambua nukta, ikaondoa miti, nyumba na ng'ombe, ikaacha ardhi tupu, ili mvua ya kubuni imwagwe juu yake na watu waone maji yatatuama wapi. Pwani ile iko chini ya bahari inapojaa. Ukuta ndio unaoizuia, na mvua hutoka kwa mifereji hadi kwenye malango ya ukutani, yanayofunguliwa maji yakipwa na kufungwa yakijaa. Mfereji ukiziba, watu wanaogelea jikoni. Na hapo kwenye mifereji ndipo kompyuta ilipokuwa mjinga. Kila nyumba ina daraja lake dogo la kuvukia mfereji wa mbele, la mbao au la zege, na kompyuta ikiliona daraja inadhani ni tuta la udongo limeziba njia. Ukiiacha hivyo, kila ua unakuwa ziwa. Ilibidi mtu akae, atazame daraja moja baada ya jingine, alikate kwa mkono: avute mstari kutoka maji ya upande huu hadi maji ya upande ule, ili mfereji upite.

Ofisini kazi hiyo waliiita kuvunja madaraja.

"Leo umevunja mangapi?" Orin, aliyekaa naye meza moja, alimuuliza kila jioni akifunga mkoba wake.

"Mengi."

"Ipo siku hao watu watakujia na mapanga, we dada. Mtu anaamka asubuhi aende sokoni, daraja hana."

Sumintra alicheka kwa pua, kama kawaida yake, na kuendelea kuvunja.

Sehemu ya Kortrust aliiweka ya mwisho, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Ilipofika zamu yake aliisogeza karibu taratibu. Kabla ya kuondoa miti aliitazama kwanza pamoja na miti yake. Ule pale mstafeli wa nyuma ya choo. Ule pale ukuta wa bahari, na watoto juu yake, nukta tatu nne zilizosimama zenyewe. Lile pale paa la nyumba yao, juu ya nguzo zake, na bati lililopinda pembeni ambalo hakuna aliyelinyoosha tangu baba yao afariki. Alikaa akilitazama hilo bati mpaka chai yake ikapoa.

Kisha akaanza kazi. Alilikata daraja la Anti Ismay, jirani yao. Akalikata la kwa Bisnauth, na la kanisani. Akafika kwao. Mfereji mkubwa wa kando, ule unaokusanya maji ya mashariki yote ya kijiji na kuyapeleka langoni, ulikuja vizuri kutoka upande wa mashamba, ukakutana na tuta ubavuni mwa nyumba yao, kisha ukaendelea upande wa pili. Mtu mwingine yeyote angesita hapo, kwa maana tuta lilikuwa pana mno kuwa daraja. Sumintra hakusita. Alivuta mstari kutoka maji hadi maji huku akitabasamu, na mfereji ukaungana. Humo ndimo kaka yake Prem alimomfundishia kuogelea, akimshika tumbo kwa kiganja kimoja na kumwambia, sikuachii, sikuachii, huku ameshamwachia. Mkono wake uliujua mfereji ule kabla ya macho yake kutazama.

Januari ikaja na bamvua. Bahari ilijaa mpaka ikarusha mapovu juu ya ukuta, malango yakafungwa, na mvua ikanyesha mashambani siku mbili bila kupumzika. Ofisi nzima ilikuwa na wasiwasi, tena wasiwasi wenye furaha ndani yake, kwa sababu huo ndio ulikuwa mtihani wa kwanza wa ramani yao. Na ramani ilifaulu. Kijiji baada ya kijiji, maji yalisimama pale iliposema yatasimama na kuondoka saa iliyosema yataondoka. Isipokuwa Kortrust. Ramani ilisema mashariki ya Kortrust itakauka mara lango likifunguliwa. Siku ziliendelea kupita, na picha alizotuma mwenyekiti wa kijiji zilionyesha watu wamepandisha magodoro juu ya meza.

"Sumintra," alisema Bi Alleyne, mkuu wao, mama mrefu mwenye miwani ya kamba. "Huko si kwenu?"

"Ndiyo, Bi."

"Nenda ukaangalie. Kuna kitu hatukioni."

Alifika akiwa na mabuti ya kuazima. Maji ya barabarani yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na yalinuka. Anti Ismay alikuwa amesimama chini ya nyumba yake, sketi ameifunga kiunoni, akifagia maji kutoka jikoni kuyarudisha uani, na maji yakirudi jikoni nyuma yake.

"Haya, mwenye ndege kaja!" alipaza sauti. "Njoo, njoo mwanangu, usiogope, samaki hawaumi. Si ndiye wewe uliyetupiga picha kutoka juu? Hebu niambie, kwenye picha yako nimekauka?"

"Umekauka, Anti."

"Nimekauka! Mungu akubariki. Basi nitahamia kwenye picha."

"Pole, Anti Ismay."

"Pole ya nini, uliinyesha wewe? Nenda kamwone mama yako, anakungoja tangu asubuhi. Amekataa hata kula."

Mama yake, Etwaria, alimpokea juu ya ngazi, akamvua mabuti kwa mikono yake mwenyewe kana kwamba ni mtoto wa chekechea, akamketisha mbele ya roti na dengu. Alikuwa amepungua. Alimuuliza habari za mjini, za yule mwenye nyumba, za kikohozi chake cha mwaka jana. Sumintra alijibu huku akitazama nje kwa dirisha la kando, kisha akarudisha tonge kwenye sahani.

Kutoka pale juu kila kitu kilikuwa wazi. Upande wa mashamba maji yalikuwa yamefura, yamefika kwenye vizingiti vya watu. Upande wa ukuta wa bahari mfereji ulikuwa chini, nusu mtupu, maji yake yakitembea kuelekea langoni bila haraka. Kati ya maji haya na yale kilikuwepo kiwanja cha Prem, kikavu, kimefyekwa nyasi, na mianzi yenye bendera nyekundu na za njano imesimama kwenye kona yake.

Alikuwa amekiona kiwanja hicho kila alipokuja nyumbani. Alikuwa amekaa juu yake akichambua mboga. Lakini hakuwahi kukifikiria kuwa kimeziba kitu. Kwake kilikuwa kiwanja cha Prem tu, na chini yake, kichwani mwake, mfereji ulikuwa bado unapita.

Mwaka Prem alipoondoka kwenda Toronto, Mama aliuza ng'ombe wake, akaleta malori ya udongo, akaufukia mfereji pale ubavuni mwa nyumba. Ua ulikuwa mdogo, na mtoto wa kiume lazima ajenge karibu na mama yake. Angejenga wapi tena? Prem alikwenda kwa miezi sita. Miezi ilipokwisha hakurudi, akabaki bila karatasi za ukaazi, akipaka rangi nyumba za watu. Akitoka kule hataruhusiwa kuingia tena, kwa hiyo kila mwaka alisema mwakani. Na kila mwaka Mama alimwita pandit, kuhani wao wa Kihindu, akafanyiwa ibada, akasimika mwanzi mpya wenye bendera kwa jina la Prem. Ya zamani haing'olewi. Huachwa ichakae na upepo, na mpya husimama kando yake. Kona ile sasa ilikuwa kama kichaka.

"Ma," alisema Sumintra.

"Kula kwanza."

"Ma, ni kiwanja. Ndicho kinachozuia maji."

Mama aliendelea kumwaga dengu kwenye bakuli lake, ingawa lilikuwa limejaa. "Mvua ni kubwa mwaka huu," alisema.

"Tazama dirishani. Huku yamejaa, huku hamna."

"Nimekuwa nikitazama dirisha hilo kabla hujazaliwa."

"Ma, kikichimbwa kidogo tu..."

"Usikiguse." Hakupandisha sauti. Aliweka upawa chini, akafuta mikono kwenye khanga ya kichwani mwake. "Kaka yako atakuja atafute pa kuweka mguu. Usikiguse, Minta."

Alirudi mjini na Jumatatu akaufuta mstari wake. Hilo lilikuwa jambo rahisi, kubonyeza tu. Tuta likarudi mahali pake, akamwaga ile mvua ya Januari kwenye kompyuta, na maji yakapanda uani kwa Anti Ismay, yakaingia jikoni, yakasimama kwa Bisnauth na kanisani, nyumba kwa nyumba, kama alivyoyaona kwa macho. Hakumwita mtu. Alijaribu kwanza kuweka bomba chini ya kiwanja. Maji yalipungua kidogo. Akaweka bomba kubwa zaidi, akaweka mawili, matatu, akakaa siku nzima akilaza mabomba chini ya kiwanja cha kaka yake kama mtu anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa. Hakuna lililotosha, na bomba la kweli, lenye magugu na mifuko ya plastiki, lingepitisha maji machache zaidi.

"Basi umelipata," alisema Bi Alleyne nyuma yake. Sumintra hakujua alikuwa amesimama pale kwa muda gani. "Hongera. Sasa rundo hilo la udongo ni la nani?"

"La mama yangu."

Orin aliacha kufunga mkoba wake, akageuka.

"Mimi ndiye niliyelikata, Bi," Sumintra alisema, na sauti yake, kwa mshangao wake, ilitoka nzima. "Nilidhani mfereji bado upo. Sikudhani hasa. Nilikuwa... nimepakumbuka tu."

Bi Alleyne alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Hakumkemea. "Ramani itatundikwa shuleni Kortrust siku ya mkutano wa kijiji," alisema. "Kila mtu ataona ziwa, na kila mtu ataona linaanzia wapi. Sitaki mama yako aone siku hiyo pamoja na watu wote. Nenda umwonyeshe wewe."

Akaenda. Maji yalikuwa yameshuka, yameacha mstari wa tope kwenye kila nguzo. Aliweka kompyuta juu ya meza ya kulia, Mama akavuta kiti akakaa mbele yake kwa adabu, mikono mapajani, kama yuko kwa daktari. Sumintra alimwonyesha kijiji bila miti na bila nyumba, udongo mtupu wa kijivu. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Wametoa kila mtu," alisema.

"Ni ardhi tu, Ma. Ili tuone maji."

Alimwonyesha mvua ikimwagwa, na kiwanja kikiwepo. Bluu ilitanda. Kisha akamwonyesha ile ya kwanza, kiwanja kikiwa kimekatwa. Bluu ilijaa, ikapungua, ikaondoka kwa mfereji kama maji ya beseni.

Mama aligusa kioo kwa ncha ya kidole, pale mstari ulipopita. "Na hapa? Hapa ni nani kachora?"

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Wakati wa kazi."

"Kumbe wewe ulishachimba." Hakuonekana amekasirika. Hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nang'oa nyasi pale kila asubuhi ili kisiwe pori akija. Magoti yangu unayajua. Wewe umekaa mjini, kwa kidole kimoja, umekiondoa. Wala hukuona kama umeondoa kitu."

"Ma, mimi niliona mfereji. Niliona sisi tunaogelea."

"Mimi namwona yeye amesimama."

Sumintra alitamani kumshika mkono na hakujua aanzie wapi. Katika familia yao watu walishikana mikono mtu akifa.

Sauti ya Anti Ismay ikapanda ngazi kabla yake. "Hodi, wenye nyumba kavu! Etwaria, nisaidie kiberiti, changu kimegeuka uji." Alifika juu akihema, akaona kompyuta, akaona nyuso. "Nani amekufa?"

"Kaa, Ismay," alisema Mama. "Kaa uone."

"Nikae nini, nimeacha sufuria." Lakini alikaa. Alitazama bluu ikitanda, akaitambua nyumba yake kwa mahali ilipokuwa, akacheka kidogo. "Ndiyo mimi huyo. Hapo sasa umenipata, binti. Hiyo ndiyo yangu."

"Ismay," Mama alisema. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba ni kiwanja."

Anti Ismay aliangalia mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kwa maji. "Etwaria, hata bata wanajua."

"Na kwa Bisnauth?"

"Wanajua. Mchungaji anajua. Yule bwana mfungua lango anajua, kila mwaka analaani peke yake kule."

"Miaka yote hii jiko lako linaoga, hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Anti Ismay aligeuka na kiti chake, kikalia kwenye mbao. "Niambie wewe. Ningekuja hapa na maneno gani? Etwaria, fukua mahali pa mwanao? Wangu mmoja yuko Brooklyn. Mwingine, Terrence, yuko Trinidad au hayuko Trinidad, sijui, hapigi. Kama ungenisikia nimeweka kitanda chake kimetandikwa, na kitanda kinakuzibia mlango wewe, ungekuja na shoka?"

"Nisingekuja."

"Basi. Maji tunafagia, yanaisha. Tumezoea." Akasimama, akajipiga mapaja. "Nipe kiberiti, mwanamke, wali wangu unangoja moto."

Mama aliinuka akaleta kiberiti. Alimpa pamoja na mshumaa na fungu la maharage marefu, vitu ambavyo hakuna aliyeviomba, na Anti Ismay alivipokea vyote, akashuka.

Asubuhi Sumintra alimkuta Mama yuko kiwanjani, amepiga magoti, anang'oa nyasi kama kila siku. Alishuka akapiga magoti kando yake, akang'oa naye. Udongo ulikuwa laini kwa mvua na mizizi ilitoka yote. Walikwenda hivyo mstari kwa mstari mpaka wakafika kwenye mianzi. Mama alikaa juu ya visigino vyake.

"Mkutano ni lini?"

"Alhamisi."

"Usingoje Alhamisi. Sitaki watu waje kutundikiwa jina langu shuleni, halafu waone haya kunisalimu." Alitikisa udongo kwenye mashina ya nyasi, moja moja. "Mwite pandit aje azitoe bendera kwa heshima yake. Kisha wachimbe. Lakini kaka yako msimwambie. Nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoweza."

Pandit alikuja, akasoma, akazitoa bendera moja baada ya nyingine kuanzia iliyochakaa kabisa, ambayo haikuwa tena na rangi, na akaenda nazo baharini maji yakipwa. Siku iliyofuata mtambo wa kuchimba ulikuja ukitambaa kwa barabara, na nusu ya kijiji nyuma yake. Hakuna aliyeshangilia. Bisnauth alivua kofia. Mama alisimama juu ya ngazi tangu mwanzo mpaka mwisho, khanga ameshika kwenye kidevu, na ndoo ya mwisho ya udongo ilipotoka na maji ya upande wa mashamba yakaanguka kwenye maji ya upande wa bahari kwa kishindo, yakiwa meusi, yamebeba majani na kandambili ya mtu, aliingia ndani akaanza kuosha mchele.

Jumapili Prem alipiga simu ya video, kama alivyopiga kila Jumapili akimaliza kufua nguo zake. Sumintra alikuwa bado hajarudi mjini. Uso wa kaka yake ulijaza kioo, umeongezeka nyama, ndevu zina mvi asizokuwa nazo mwaka jana. Walizungumza habari za baridi. Walizungumza habari za mguu wa Mama. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekaa vizuri kitini, "Haya Ma, nipeleke kwangu."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kila Jumapili Mama alishuka ngazi na simu mkononi, akamzungusha kiwanjani, na Prem kutoka huko aliko alisema jiko litakaa hapa, varanda itatazama kule.

"Ma," Sumintra alinong'ona, "mwambie mtandao mbaya."

Mama alimtazama, akatazama simu. Akavaa kandambili, akashuka.

"Mbona leo unakwenda polepole?" Prem alicheka. "Umezeeka? Nyasi mmekata mpaka... Ma. Hayo ni maji?"

"Ni mfereji."

"Kiwanja kiko wapi?"

"Tumechimba, mwanangu. Maji yalikuwa yanaingia kwa watu."

Nyuma ya Prem mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeniambia mwakani."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Ma, mimi naishi mle," alisema. "Hujui. Natoka kazini, nashuka kwenye basi, theluji mpaka hapa, natembea, na njia nzima niko ndani ya nyumba yangu. Nafungua madirisha. Nimeshaipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Bluu. Ile ya maji maji, si kali."

"Bluu ingependeza," Mama alisema. "Ingependeza na bati."

"Sasa nikija nitalala wapi?"

"Juu, na mimi. Nitakupa kitanda, mimi nalala kwenye kochi, sijali. Ukija."

Aliachia hapo. Hakusema lini, na Prem naye hakusema. Aliinua mkono kama anayetaka kujifuta macho, na picha ikaganda: kiganja kimefunika nusu ya uso, mdomo umefunguka kidogo.

"Amekatika, Ma," alisema Sumintra. "Njoo, tutampigia sisi."

"Bado yupo."

"Hayupo. Mtandao umekatika."

Mama hakuja. Alichuchumaa pale ukingoni, kwa magoti yake yale mabaya, akanyoosha mkono na kuielekeza simu kwenye mfereji, mahali maji yalipokuwa yakipita, ili picha ikirudi Prem ayakute.